Kwa wanaoanza sheria ya madhara: usianze na jeraha

Maswali ya sheria ya madhara yana sura moja: mtu amefanya jambo, mwingine ameumia, je, aliyeumia anastahili fidia? Wanafunzi wapya wengi hutazama jeraha kwanza. Wakiona mguu umevunjika au mtu amefariki, huruma inawashika na jibu linakuwa limeshapatikana kabla sheria haijaguswa. Nimesahihisha majibu ya namna hiyo kwa miaka, na mengi yameandikwa na watu wenye akili nzuri tu. Wanachokosa ni utaratibu, na utaratibu unafundishika.

Kwanza tenganisha madai na jinai. Ngumi moja inaweza kuzaa kesi mbili. Kwenye jinai dola ndiyo inayoshtaki, inatafuta adhabu, na inatakiwa kuthibitisha kosa pasipo kuacha shaka ya msingi. Kwenye madhara aliyepigwa anadai mwenyewe, anatafuta fidia, na inamtosha maelezo yake yakielekea kuwa kweli kuliko ya mwenzake. Ndiyo maana mtu anaweza kuachiwa huru kule na huku akaamriwa kulipa. Kwa hiyo usiandike "mshtakiwa" wala "hatia" kwenye jibu la madhara. Andika mdai, mdaiwa, dhima (yaani kuwajibika kulipa). Msahihishaji anatambua mapema kama unajua uko kesi gani.

Makosa ya kukusudia yana mipaka iliyo wazi: kumgusa mtu bila ridhaa wala uhalali, kumtia hofu kwamba anapigwa sasa hivi, kumfungia asitoke, kuingia kwenye ardhi yake. Haya hayahitaji jeraha. Aliyetemewa mate usoni hakuvunjika kitu, lakini dai lake limekamilika. Mipaka hiyo lakini isomwe kwa makini. Katika kesi ya Bird dhidi ya Jones ya mwaka 1845, sehemu ya daraja la Hammersmith, London, ilikuwa imezibwa na mdai akazuiwa kusonga mbele. Kurudi alikotoka aliruhusiwa. Mahakama ikasema hajafungiwa, kwa sababu anayezuiwa njia moja na kuachiwa nyingine bado yuko huru kuondoka.

Kinachowachanganya zaidi ni nia. Wengi huandika kwamba mdaiwa hakuwa na chuki, alikuwa anatania, kwa hiyo hakukusudia. Someni kesi ya Garratt dhidi ya Dailey, iliyoamuliwa huko Washington, Marekani, mwaka 1955. Mtoto wa miaka mitano alisogeza kiti wakati mwanamke anataka kukaa. Mwanamke akaanguka na kuvunjika nyonga. Mahakama ya juu ya jimbo haikuuliza kama mtoto alimchukia. Iliirudisha kesi chini ili ijulikane kama alijua, kwa uhakika wa kutosha, kwamba mwanamke yule angekaa pale kiti kilipokuwa. Nia ya kisheria inahusu tendo na matokeo yake ya karibu. Ubaya wa moyo ni habari nyingine.

Uzembe ndio wa kuupa muda wako. Hatua ni nne: mdaiwa alikuwa na wajibu wa kuwa mwangalifu kwa mdai, aliukiuka, ukiukaji huo ndio uliosababisha madhara, na madhara yenyewe ni ya aina ambayo mtu makini angeweza kuiona mapema. Ikikosekana moja, dai limekufa. Na tofauti na makosa ya kukusudia, hapa bila madhara hakuna kesi, hata mdaiwa awe mzembe kiasi gani.

Kuhusu wajibu, kila mtu atakusimulia konokono wa Donoghue dhidi ya Stevenson, 1932. Mwanamke alikunywa soda ya tangawizi, akadai aliugua kwa sababu chupa ilikuwa na konokono aliyeoza. Soda alinunuliwa na rafiki yake, kwa hiyo yeye hakuwa na mkataba na yeyote. Baraza la Malodi, mahakama ya juu kabisa ya Uingereza wakati huo, kwa kura 3 dhidi ya 2, lilisema mtengenezaji ana wajibu kwa mnywaji wa mwisho. Jambo ambalo wanafunzi hulipita ni kwamba baraza liliamua swali la kisheria tu. Kama konokono alikuwemo kweli kwenye chupa, hilo halikuwahi kuthibitishwa mahakamani. Jizoeze kuuliza hivyo kwa kila hukumu: hapa wameamua sheria, au wameamua ukweli wa tukio?

Kwenye ukiukaji, soma kesi mbili kwa pamoja, zote zimo kwenye ripoti za sheria za 1951. Katika Bolton dhidi ya Stone, mpira wa kriketi ulivuka uzio na kumpiga mtu barabarani. Mipira ilikuwa imetoka hivyo kama mara 6 tu kwa takriban miaka 30, na klabu haikuwajibika. Katika Paris dhidi ya Stepney, fundi mwenye jicho moja zima hakupewa miwani ya kujikinga, akalipoteza na hilo. Mwajiri, ambaye alijua hali yake, aliwajibika. Uwezekano wa ajali unapimwa pamoja na ukubwa wa hasara itakayompata mtu huyu hasa.

Sasa kisababishi, mahali ambapo huruma huwaangusha wengi. Katika Barnett dhidi ya hospitali ya Chelsea na Kensington, iliyoripotiwa 1969, walinzi watatu wa usiku walikunywa chai wakaanza kutapika. Wakaenda hospitali. Muuguzi akampigia daktari simu, naye akasema warudi nyumbani wakawaone madaktari wao. Mmoja akafa saa chache baadaye; chai ilikuwa na aseniki. Wajibu ulikuwepo. Ukiukaji ulikuwepo pia, kwani daktari alipaswa kuwapima. Dai likashindwa hata hivyo, maana ushahidi ulionyesha kwamba hata angelazwa, dawa isingemfikia kwa wakati na angekufa tu. Inauma kuisoma, na ni sawa iume. Lakini mahakama haikusema hospitali ilifanya vizuri.

Utetezi uje mwisho: ridhaa, kujihami, uzembe wa mdai mwenyewe. Kuutaja kabla ya kuthibitisha kosa ni kumtetea mtu ambaye hajadaiwa kitu.

Kwa mazoezi, soma hukumu ya Barnett nzima, wala usiridhike na muhtasari wa darasani. Ifunge, kisha andika aya moja: hospitali ilikosea wapi, na kwa nini haikulipa. Halafu badilisha ukweli mmoja tu, kwamba dawa ingeweza kufika mapema, uandike aya hiyo upya. Linganisha aya zako mbili. Kama umebadilisha chochote kwenye wajibu au ukiukaji, bado unachanganya hatua, rudia.