Maswali ya Wasomaji: Jarida Limekubali Makala kwa Siku 5, Nilipe?

SWALI: Jarida moja liliniandikia barua pepe likiniita "mtafiti mashuhuri" na kunialika nitume makala. Nikatuma. Siku 5 baadaye wakajibu kwamba imekubaliwa bila kusahihishwa hata nukta, ila kwanza nilipe dola 180. Tovuti yao ina ISSN na orodha ndefu ya maprofesa. Nilipe?
Mhadhiri msaidizi, Morogoro

JIBU: Usilipe, na fomu ya hakimiliki usiisaini. Siku 5 hazitoshi hata kuwapata wahakiki. Mhariri wa kweli huomba wataalamu wawili au watatu wa fani yako waisome makala na kuipima. Wengine hukataa, wanaokubali husoma kwa wiki kadhaa, kisha mswada hukurudia na maswali. Wako haukuulizwa swali hata moja. Mwaka 2013 jarida la Science lilichapisha jaribio la John Bohannon, aliyetunga makusudi makala ya tiba ya saratani yenye makosa ya wazi na kuituma kwa majarida 304. Majarida 157 yaliikubali.

ISSN isikupumbaze. Inatambulisha jina la jarida tu, kama namba ya gari: haisemi kama dereva anajua kuendesha. Wapo pia matapeli wanaoiba jina na ISSN ya jarida halali, wakafungua tovuti pacha. Kwa hiyo usibofye kiungo cha kwenye barua pepe. Itafute ISSN hiyo kwenye portal.issn.org uone imesajiliwa kwa jina gani na tovuti gani. Kisha angalia kama jarida limo katika DOAJ, orodha ya majarida yanayosomwa bure. Chagua makala zao mbili tatu za nyuma, bandika DOI zake (namba ya kudumu ya kila makala mtandaoni, huanza na 10.) baada ya doi.org/ uone kama zinafika kwenye makala hizohizo. Mwisho, mwandikie profesa mmoja wa kwenye orodha kwa anwani iliyo kwenye tovuti ya chuo chake. Wapo wanaotajwa kuwa wahariri bila kuarifiwa.

Ada yenyewe si kosa. Majarida mengi halali hutoza, ila kiasi kimeandikwa wazi kabla hujatuma, na baadhi husamehe au kupunguza kwa watafiti wa nchi za kipato cha chini. Msamaha huo uombe wakati wa kutuma mswada. Ukingoja makala ikubaliwe, mara nyingi umechelewa.

Leo hii waandikie: kichwa cha makala, namba ya mswada, tarehe uliyotuma, na sentensi moja kwamba unauondoa na hutoi haki ya kuuchapisha. Waarifu waandishi wenzako wote. Wakidai "ada ya kuondoa", usitoe. Usiupeleke kwingine kimyakimya, maana makala moja ikitokea mara mbili ni kosa la kitaaluma hata kama wewe ndiye uliyetapeliwa. Subiri wathibitishe, wasipojibu, mweleze mhariri mpya mambo yote tangu mwanzo na umwambatishie barua hiyo. Wakiichapisha kwa nguvu, majarida mengi mazuri hayataipokea tena, na hapo barua yenye tarehe ndiyo kinga yako pekee.

SWALI: Makala zangu zimetoka kwa majina matatu tofauti: jina langu kwanza, la baba kwanza, na herufi za mwanzo tu. Nifanyeje zihesabiwe kwangu?
Mtafiti, Mombasa

JIBU: Jisajili ORCID, mfumo wa namba za kuwatambulisha watafiti, ni bure. Utapewa namba ya tarakimu 16 katika mafungu manne. Ya mwisho ikiwa X usishtuke, ni alama ya uhakiki. Aina zote tatu za jina ziandike kwenye sehemu ya majina mengine, kisha ongeza makala za zamani kwa DOI. Weka barua pepe ya kazini na ya binafsi pia, kwani wengi hufungiwa nje siku wanapohama chuo. Kuanzia sasa shika mpangilio mmoja wa jina, na namba hiyo uiweke katika kila mswada unaotuma.