Wali mweupe, sahani nyeusi: tulivyomfundisha binti yetu kuona

Wiki ya tatu baada ya operesheni, binti yangu alisimama ghafla tukitoka skuli. Mbele yake kivuli cha nguzo ya taa kilikuwa kimelala njia nzima. Akakipapasa kwa fimbo yake nyeupe, akakuta chini pako sawasawa. Akainama, akakigusa kwa kiganja. "Mama, hili ni shimo?" Alikuwa na miaka 8, na vivuli ndiyo kwanza vilikuwa vinamjia machoni.

Nawaandikia wazazi wanaonipigia simu kutoka Unguja, Mombasa na Maskati. Wamesikia kuna sindano inayorudisha macho, na swali lao la kwanza ni bei. Nitaitaja. Lakini kuna jambo ambalo mimi sikutayarishwa nalo: jicho hutibiwa kwa siku moja, kuona kunafundishwa, na mwalimu wa kwanza ni wewe uliye nyumbani.

Dalili tulikuwa nazo mapema. Akiwa na miezi mitatu alikuwa anakodolea taa tu, uso wangu haushughulikii. Macho yalikuwa yanachezacheza, hayatulii. Akiachwa peke yake anajikandamiza macho kwa ngumi. Ndugu wakasema kijicho, wakamfukizia ubani. Daktari mmoja akatuambia tusubiri akue, macho yatakaa sawa yenyewe. Tulisubiri miaka miwili, na miaka hiyo inaniuma mpaka leo. Ukiona dalili hizi kwa mwanao, usisubiri.

Tulipohamia Uingereza ndipo tukapewa jina: upofu wa kuzaliwa wa Leber. Mimi na mume wangu ni watoto wa ndugu, na kila mmoja wetu alikuwa na nakala moja mbovu ya jeni, yaani kinasaba, iitwayo RPE65 bila kujijua. Watu wawili wa namna hiyo wakioana, kila mimba ina nafasi moja katika nne ya mtoto kurithi zote mbili mbovu. Si laana, wala si kitu alichokula mama. Sisemi binamu wasioane. Nasema mkishapata mtoto wa namna hii, pimeni vinasaba nyote, mtoto na wazazi, kabla ya mwingine.

Tena kipimo hicho ndicho mlango wa tiba. Ugonjwa huu unaletwa na jeni zaidi ya 20 tofauti, na dawa yetu, Luxturna, ni ya RPE65 peke yake. Jeni hiyo hutengeneza kimeng'enya, yaani protini ya kuendesha kazi za mwili, kinachorudisha vitamini A katika hali ya kuweza kunasa mwanga tena. Kikikosekana, seli za retina, ule utando wa nyuma ya jicho, zinakuwa hai lakini zina njaa. Madaktari wanapakia nakala nzima ya jeni ndani ya kirusi kisichodhuru na kuidunga chini ya retina. Kwa hiyo swali la kumuuliza daktari ni: seli zilizo hai zimebaki ngapi? Zikishakufa, dawa haina pa kufanyia kazi, na zinapungua kadiri mtoto anavyokua.

Mwaka 2001 ilitangazwa kuwa mbwa waliozaliwa na kasoro hiyo, mmoja akiitwa Lancelot, wameweza kuona baada ya kutibiwa. Jean Bennett na mumewe Albert Maguire, madaktari wa Philadelphia, Marekani, wakaifikisha tiba kwa watu, na Desemba 2017 Marekani ikaidhinisha dawa yenyewe. Bei iliyotangazwa huko mwaka 2018 ilikuwa dola 850,000 kwa macho mawili. Uingereza dawa hii ilikubaliwa katika huduma ya afya ya taifa mwaka 2019, nasi hatukulipa. Najua ndugu zangu wengi hawana mlango huo, na sioni haki yoyote katika hilo.

Operesheni zilikuwa mbili, jicho moja kwanza, la pili siku chache baadaye. Alimeza vidonge vya kutuliza kinga ya mwili, akalala chali siku nzima, na tukakatazwa ndege mpaka povu la hewa liishe jichoni.

Hofu yangu ilikuwa ubongo. Hubel na Wiesel, wanasayansi waliopata Tuzo ya Nobel mwaka 1981, walionyesha kuwa jicho la mtoto wa paka likizibwa wiki za mwanzo, ubongo hulinyima nafasi hata likija kufunguliwa. Nikajiuliza, miaka 8 si tumechelewa? Kilichonipa moyo ni utafiti wa Philadelphia wa mwaka 2015. Walipiga picha bongo za watu waliotibiwa jicho moja tu. Njia za neva zinazohudumia jicho lililotibiwa zilikaribia kufanana na za watu wanaoona, za upande wa pili zikabaki dhaifu. Na kuna mgonjwa mwingine ambaye mwaka mmoja baada ya tiba alianza kusoma saa inayowaka ndani ya gari, kwa sababu alikuwa amejizoesha kutazama kwa sehemu mpya ya retina, ile iliyodungwa dawa.

Nilipoelewa hivyo, jikoni kwangu kukawa darasa. Wali mweupe juu ya sahani nyeupe alikuwa anaukosa, kijiko kinazunguka pembeni. Nikanunua sahani nyeusi, na siku hiyo akaniambia, "Umebaki huku." Maziwa kwenye kikombe cha buluu, chai ya rangi kwenye cheupe. Kingo za ngazi tukazibandika utepe wa manjano. Kila jioni kabla ya magharibi tukatembea barabara ileile, anataja anachokiona, kisha anakigusa, ili mkono ulifundishe jicho.

Akifumba macho kwa kuchoka, mwache. Usimnyang'anye fimbo wala maandishi ya nukta nundu. Dawa hii inasaidia zaidi kutembea penye mwanga hafifu kuliko kusoma herufi ndogo. Na wakatazeni wageni mchezo wa "hivi ni vidole vingapi?" Binti yangu alilia kwa ajili ya vidole hivyo.

Kwa mliopo nyumbani: ukiona weupe kwenye mboni ya mtoto, huenda ni mtoto wa jicho, unaotolewa kwa operesheni katika hospitali kubwa za kwetu. Mkimbize, maana ubongo wake nao unahesabu miezi. Na anayekuuzia sindano ya seli shina, eti zitaotesha upya macho, kwa fedha taslimu bila hata kuuliza jeni gani, mkimbie. Mwaka 2017 madaktari wa Marekani waliripoti wanawake watatu walioharibiwa macho kwa sindano za namna hiyo.

Sasa ni mwaka wa tatu. Ngazi anashuka mbio, mpaka namkemea. Sura bado. Mlangoni pa skuli ananijua kwa mtandio wangu mwekundu. Juzi nilivaa wa kijani, akanipita kama mgeni mpaka nilipomwita. Akarudi, akashika ncha ya mtandio, akaukaribisha jichoni, akaugeuza huku na huku, akasema, "Haya, nimeshaujua na huu."