Kwangu Inafunguka, Kwa Mteja Haifunguki

Juzi dogo mmoja kanitumia meseji saa tano usiku: "Broo nimehamisha tovuti ya mteja kwenda seva mpya, kwangu inafunguka fresh, yeye anaona ya zamani, ana shida gani huyu?" Nikacheka, halafu nikaumia, maana hilo "ana shida gani huyu" mimi lilishanikosesha mteja.

Alikuwa mama mmoja anauza vitenge mtandaoni, analipa vizuri na hana maneno mengi. Kabla sijagusa DNS (mfumo wa mtandao unaogeuza jina la tovuti kuwa anwani ya seva) nikataka kuijaribu seva mpya, nikafungua faili la /etc/hosts, linaloiambia laptopu yangu peke yake jina lipi lina anwani ipi, nikaandika mstari mmoja tu: anwani mpya, nafasi, jina la duka. Ikafunguka. Usiku huohuo nikaingia kwenye paneli ya domeni nikabadilisha rekodi A, ile inayowaambia watu wote jina lina anwani ipi, au nilidhani nimebadilisha, maana kitufe cha kuhifadhi sikukibonyeza. Nikaangalia duka, linafunguka, nikalala zangu.

Asubuhi mama anapiga: "Mwanangu, mbona naona ileile?" Nikamwambia futa kumbukumbu za brauza. Akafuta. Zima modemu uwashe. Akazima. Siku ya tatu nikamwambia labda simu yako ina virusi mama (naandika hapa naona aibu). Siku ya nne malipo ya seva ya zamani yakaisha, duka likapotea kabisa, kwangu bado linang'aa.

Ndo nikaandika dig, amri ya kuuliza DNS, na jina la duka. Anwani inaishia na 114, ya zamani. Nikapiga ping, amri ya kubisha hodi kwenye seva, jina lilelile, inaishia na 27, mpya. Nilizikodolea macho hizo namba mbili mpaka chai ikapoa.

Iko hivi, ukiita jina kompyuta haikimbilii DNS. Kwenye Linux kuna /etc/nsswitch.conf, na mstari wa hosts mara nyingi unaanza na files ndo ije dns, yaani inasoma faili lako kwanza, ikikuta jibu humo haiulizi tena. Ping na brauza zinapita huko, dig haipiti, yenyewe inaenda kuuliza seva zilizoandikwa kwenye /etc/resolv.conf. Kwa hiyo dig ilikuwa inaniambia wanachoona watu, ping inanisomea mwandiko wangu mwenyewe! Na hilo faili ni kongwe kuliko DNS, kabla Paul Mockapetris hajaja na DNS mwaka 1983 majina yote ya mtandao yalikaa kwenye faili moja, HOSTS.TXT, linatunzwa SRI, taasisi ya utafiti kule California, watu wanalipakua.

Nikarekebisha rekodi, bado. TTL, muda ambao jibu la DNS linaruhusiwa kuhifadhiwa, ilikuwa 86400, sekunde hizo, yaani siku nzima, na seva yoyote iliyokwishachukua jibu la zamani ina haki ya kukaa nalo mpaka muda uishe. Mama hakusubiri, kazi akampa mpwa wake.

Sasa nyie vijana, Kubernetes, mtambo wa kuendesha programu kwenye seva nyingi, mnaijua, kwenye bio mmeandika wahandisi wa mifumo, ila faili la mistari mitano hamlifungui. Kagueni hosts zenu. Siku moja kabla ya kuhama shusheni TTL iwe 300. Ulizeni kwa dig @8.8.8.8, seva ya DNS ya Google, au shikeni simu, zima WiFi, fungueni kwa bando. Mteja akisema haoni, basi haoni, msimfanye mjinga. Na kagueni hosts, nimeshasema najua, narudia.

Nilimwandikia dogo hivyohivyo. Asubuhi kajibu: "Broo, mistari iko miwili."