Ualbino: jibu la kumpa mama mkwe

Mama mwenzangu, ukijifungua mtoto mwenye ualbino, maswali yatakufuata hukohuko wodini. Huyu katoka wapi? Ni wa upande wa nani? Nakushauri uwe na jibu mapema, maana usipokuwa nalo wengine watalitunga.

Huku kwetu Tanzania ualbino mwingi unatokana na jeni iitwayo OCA2, iliyoko kwenye kromosomu ya 15. Jeni hiyo inaelekeza utengenezaji wa protini inayokaa kwenye utando wa vifuko vidogo mno ndani ya seli za ngozi, nywele na macho. Melanini, yaani rangi yetu, hutengenezwa humo. Protini hiyo hupunguza asidi ndani ya kifuko. Isipokuwepo, asidi inazidi na kimeng'enya cha kutengeneza rangi kinashindwa kazi. Kwa Waafrika wengi wenye ualbino wa aina hii kasoro ni ileile: kipande cha jeni chenye herufi kama 2,700 hakipo.

Kila mtu ana nakala mbili za jeni hiyo, ya baba na ya mama. Mimi na baba watoto, weusi wote wawili, kila mmoja anabeba moja nzima na moja yenye kasoro. Nzima moja inatosha, ndiyo maana hatukujua. Mwanetu alipata zenye kasoro mbili, moja kila upande. Wifi zangu waliposikia "kila upande" walinyamaza. Mama mkwe akaja na hesabu yake: kama ni mmoja kati ya wanne, basi watatu wanaofuata wako salama. Hapana, mama. Kila mimba inaanza hesabu upya, nafasi moja kati ya nne ya kupata zote mbili zenye kasoro.

Baada ya hapo pambana na jua. Wengi hukimbilia mafuta, mimi naanza na nguo: mikono mirefu, suruali, kofia yenye ukingo mpana unaofunika masikio na shingo. Shule nyingi hazitaki kofia na sare ni kaptula, kwa hiyo nenda kwa mwalimu mkuu kabla muhula haujaanza. Omba pia mtoto asisimame mstarini juani, na akae dawati la mbele, kwa sababu macho nayo yanahitaji melanini na ubaoni haoni vizuri. Miwani husaidia, lakini haimalizi tatizo.

Mafuta ya kukinga jua yapakwe sehemu zilizobaki wazi, yarudiwe kila baada ya saa mbili akiwa nje. Kilisun hutengenezwa Moshi, kwenye kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichopo hospitali ya KCMC, kwa ajili ya watu hawa hasa. Mafuta ya nazi yanang'arisha tu. Na usidanganywe na nywele za manjano au madoa ya kahawia yanayotokea baadaye. Hiyo rangi kidogo haimkingi.

Kidonda kisichopona kwa wiki kadhaa, hasa usoni, masikioni au mdomoni, kipelekwe kliniki ya ngozi. Usisubiri mpaka kianze kuuma. Saratani ya ngozi ikiwahiwa mara nyingi hukatwa ikaisha.

Kuna na dada yake, mweusi kama mimi. Uwezekano wa yeye kubeba nakala yenye kasoro ni mbili kwa tatu. Akifika umri wa kuchumbiwa nitamwambia mwenyewe, mbele ya mchumba, kabla ya mahari.