Kabla Hujamlipa Fundi

SWALI: Nimeweka akiba kwa mwaka mzima ili nijiundie kompyuta ya kuchezea gemu, ambayo ni ya kwanza kwangu. Nimeshanunua prosesa ya Ryzen 5 5600, na fundi mmoja ameniwekea ubao mama wa B450 uliotumika. Nakusudia kuongeza RAM ya DDR5 ya GB 16 kwa kuwa ndiyo mpya zaidi, kadi ya michoro ya RTX 3060, na pawasaplai niliyoitoa kwenye kompyuta ya ofisi aina ya Dell OptiPlex. Je, vitu hivi vitakubaliana? – Msomaji, Morogoro

JIBU: Ndugu msomaji, tuanze na RAM, maana hiyo hujainunua bado na fedha yako ingali mfukoni. Prosesa yako hukaa kwenye soketi (tundu la prosesa kwenye ubao) ya AM4, ambayo hutumia tu RAM ya DDR4, kizazi kilichotangulia DDR5. Kwa upande wa AMD, watengenezaji wa Ryzen, DDR5 ilikuja na soketi ya AM5 mwaka 2022. Ukizishika aina hizo mbili mkononi utaona kwamba zina urefu uleule na pini 288 kila moja, lakini pengo dogo lililokatwa kati ya pini haliko mahali pamoja, kwa hiyo RAM ikigoma kuingia usiilazimishe kwa kidole gumba. Nunua vipande viwili vya DDR4 vya GB 8 badala ya kimoja cha GB 16, na kama ubao una nafasi nne, uvichomeke katika ya pili na ya nne ukihesabu kutoka kwenye prosesa.

Wengi huumia kwenye ubao. B450 ilitoka mwaka 2018 na prosesa yako mwaka 2022. Ingawa soketi ni ileile na prosesa itakaa bila taabu yoyote, ubao wenye BIOS (programu ya ndani ya ubao inayoiwasha kompyuta) ya zamani hautaitambua, na utakachoona ni feni zinazozunguka, taa zinazowaka na skrini nyeusi. Mwombe fundi aichomeke prosesa yako kwenye ubao huo ukiwa umesimama hapo, pamoja na kadi yoyote ya michoro, na usitoe fedha mpaka ukurasa wa BIOS utokee kwenye skrini. BIOS ikiwa ya zamani, anaweza kuisasisha kwa kutumia Ryzen ya kizazi cha nyuma, na baadhi ya matoleo ya B450 yana kitufe cha kusasishia kwa flashi bila hata kuwa na prosesa.

Nimesisitiza kadi kwa sababu 5600 haina sehemu ya michoro ndani yake, hivyo tundu la HDMI lililo kwenye ubao halitakuonyesha chochote. Mimi mwenyewe nilipounda kompyuta yangu ya kwanza nilipoteza jioni nzima nikifungua na kufunga skrubu, kumbe waya wa skrini nilikuwa nimeuchomeka kwenye ubao badala ya kwenye kadi.

Pawasaplai ya OptiPlex irudishe ulikoitoa. RTX 3060 peke yake hula hadi wati 170, na NVIDIA, watengenezaji wake, hupendekeza pawasaplai ya wati 550, kiwango ambacho nyingi za kompyuta za ofisi hazikikaribii. Tena Dell huzipa nyingi kati ya hizo plagi za namna yake, zisizoingia kwenye ubao wa kawaida unaotaka plagi ya pini 24. Ukilazimika kununua iliyotumika, itazame mgongoni, kwa kuwa baadhi ya za zamani zina swichi ndogo nyekundu yenye namba 115 na 230. Hakikisha imesoma 230 kabla hujaichomeka ukutani, la sivyo italia mlio ambao majirani watakuja kuuulizia.

Feni iliyokuja ndani ya boksi la prosesa inatosha.

Kasha hukulitaja. Lenye nafasi ya ubao wa ATX, yaani wa ukubwa wa kawaida, hupokea pia ubao mdogo wa Micro-ATX, ila dogo halitapokea mkubwa. Matoleo ya 3060 yenye feni tatu huweza kufika milimita 300, kwa hiyo nenda dukani na futikamba, upime ndani ya kasha kuanzia ukuta wa nyuma kadi inapofungwa skrubu hadi kwenye feni ya mbele, ndipo uchague kadi.