UTI (maambukizi ya njia ya mkojo) inayorudi kila mara: mkojo uoteshwe kwanza

Pole sana, dadangu. Umesema uko Malindi, mkojo unakuchoma tena, na kila mara wanunua septrini, dawa ya kuua bakteria, dukani, ukipata nafuu unaziacha.

Safari hii usimeze dawa hiyo kabla ya kupima. Omba mkojo uoteshwe maabara, yaani bakteria waliomo wakuzwe na kujaribiwa kwa dawa. Kile kijiti cha kuchovya kwenye mkojo hakisemi ni dawa gani itakayowaua bakteria hao. Jisafishe, acha mkojo wa mwanzo upite, kinga wa katikati kwenye kikopo safi, na ufike maabara upesi, maana kwa joto letu hili vijidudu huzaana humohumo kikoponi. Majibu huchukua siku 2 au 3.

Mara nyingi ni E. koli, bakteria wa utumboni. Wakiingia kibofuni waweza kujishika ukutani na kujifunika utando wa utelezi, kama ule wa ndani ya mtungi usiosuguliwa. Dawa hupenya humo kwa tabu, na wanaosalia huanza upya. Isitoshe, E. koli wengi hapa Kenya wameshaizoea septrini.

Ukiwa na mimba, au ukipata homa, kutapika au maumivu ya ubavuni, usingoje majibu: nenda hospitali leo hii.