Kiungo cha Paketi Nilikitoa Jikoni, Wifi Hajanisamehe

Dada mmoja wa Mpwapwa ameniandikia wiki hii. Ana fibromayalgia kama mimi: mwili unauma kila mahali, unalala na kuamka umechoka, unaingia chumbani umeshasahau ulichofuata. Anauliza nimewezaje kuacha viungo vya paketi, maana mumewe hali mchuzi usiotiwa kidonge cha mchuzi.

Wenye ugonjwa huu mnajua mzunguko wake. Vipimo vinatoka safi, unapewa dawa ya maumivu, unarudi nyumbani na maumivu yako. Hapa hapa Dodoma daktari mmoja aliniambia mbele ya mume wangu, "Mama, punguza mawazo." Siwezi kusema limenitoka moyoni. Jina la ugonjwa nililipata kwa mwingine, aliyeuliza nalala vipi na akasubiri nijibu.

Ya glutameti, kiongeza ladha kilichomo kwenye viungo hivyo vya paketi, nilianza kuyasoma baadaye. Ndiyo inayoleta ule utamu wa supu unaobaki mdomoni. Mjapani Kikunae Ikeda aliitenga kutoka kwenye mwani mwaka 1908, na haikuchukua muda ikaanza kuuzwa kama kiungo. Mwilini nako ipo, mishipa ya fahamu huitumia kupelekeana taarifa, za maumivu zikiwemo. Mwaka 2012 Kathleen Holton wa Marekani na wenzake walitoa utafiti wa watu wenye fibromayalgia na tumbo linalosumbua. Walikula wiki 4 bila viongeza ladha vya aina hiyo, na wengi wakapata nafuu. Watafiti wa Hispania nao waliwaondolea wagonjwa kiungo hicho, hawakuona tofauti. Kwa hiyo akija mtu na "tiba ya uhakika", shika pochi yako. Nami nausemea mwili wangu tu.

Na mwili wangu ulikubali. Sikupona, ila asubuhi nakunja vidole bila kuuma meno, na ndoo ya maji naibeba mwenyewe.

Nilianza kwa kuondoa vidonge vya mchuzi, unga wa mchuzi, tambi za haraka na kile kipakiti chake, sosi ya soya, soseji, na krispi za ladha ambazo watoto bado wananidai. Geuza paketi usome nyuma. E621 ni hiyo hiyo. Ukikuta "yeast extract" au "hydrolyzed", nayo imo humo, rudisha rafuni, hata kama mbele wameandika ni asilia. Nyanya mbivu na uyoga mkavu vinayo pia kiasili; nyanya nimepunguza, sijaacha. Nyama na maharage nakula, kwa sababu humo imefungwa ndani ya protini na hutoka polepole.

Sisi wa Dodoma tuna bahati moja. Mlenda. Maji yakichemka natia chumvi na nyanya moja, nanyunyiza unga wa mlenda huku nakoroga mpaka uanze kuvutika, kisha karanga za kusaga, moto mdogo. Ugali wa uwele pembeni. Bibi yangu kule Bahi alipika hivyo maisha yake yote na hakuna aliyesusa.

Kazi ipo ukweni. Tulikuwa Chamwino kwenye shughuli, nikaomba kuku wa kuchemsha kabla hajatiwa viungo. Wifi akasema kwa sauti ya watu wote, "Jamani, mchuzi wetu siku hizi una sumu." Wakacheka. Nilikula kimya, na kesho yake niliamka vizuri kuliko wao wote, namshukuru Mungu. Wanawake wenzangu, tunameza vitu vinavyotuumiza ili tusionekane tunaringa! Waache waseme. Usiku ukifika, wifi hatakuja kukukanda mgongo.

Dawa zako usiache, dada, na mwambie daktari wako unachojaribu. Andika ulichokula na ulivyoamka, halafu baada ya wiki kadhaa rudisha kiungo uone mwili unasemaje. Usipoona tofauti, kula mchuzi wako kwa amani. Kuhusu mzee, pika sufuria moja ya kitunguu, saumu, tangawizi na binzari. Jipakulie wewe kwanza, ndipo umtilie kidonge chake.